Kukata Kitabu Pasipo Kukijeruhi: Mwongozo wa Kupima Ubora wa Ugawaji wa Vitabu Pepe

Kitabu pepe cha muundo wa EPUB, unaosomwa na programu nyingi za simu na visomaji vya kielektroniki, huonekana kwenye skrini kama kitu kimoja, lakini kwa kweli ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili mengi ndani yake. Humo mna matini yenyewe iliyoandikwa kwa XHTML, yaani lugha ya alama inayozungushia kila kipande cha maandishi tagi za kufungua na za kufunga ili mashine itambue kichwa ni kipi, aya ni ipi na ubeti ni upi. Mna laha ya mitindo inayoeleza maandishi hayo yavae sura gani. Mna picha, orodha ya kila kilichomo, na mfuatano wa usomaji unaoiambia programu faili lipi litangulie na lipi lifuate. Kazi inayochunguzwa hapa ni ile ya kuchukua hati moja ndefu ya XHTML, pengine kitabu kizima kama kilivyotoka kwenye programu ya kuandikia, na kuigawa katika mafaili madogo ambayo kila moja ni halali peke yake na yote kwa pamoja bado ni kitabu kilekile. Kwa kuwa kazi hii yaweza kufanywa kwa kubonyeza kitufe kimoja, watayarishaji wengi huiona kuwa si ufundi, na vitabu vyao huonyesha hivyo.

Ufukwe wa Ziwa Mweru, na hasa wilaya ya Nchelenge katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, ni mahali panapofaa sana kuupimia ufundi huo. Upande wa Zambia lugha ya wengi ni Kibemba, na Kiingereza ndiyo lugha rasmi. Ng'ambo ya ziwa, katika miji ya Kilwa na Pweto nchini Kongo, Kiswahili cha Katanga huzungumzwa sambamba na Kifaransa cha serikali na shule. Na tangu mwaka 2017, wakimbizi kutoka Kongo walipovuka kwa maelfu kuingia Nchelenge, na makazi ya Mantapala yakafunguliwa mwaka uliofuata, wasomaji wa Kiswahili wako pia upande huu wa maji. Kitabu kinachotayarishwa kwa ufukwe huu kinaweza kuhitaji lugha tatu au nne ndani ya jalada moja, na kifaa kitakachokifungua huenda kikawa simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, ambayo betri yake haiwezi kuchajiwa kila mwenye simu atakapo. Kosa la ugawaji ambalo kompyuta yenye nguvu hulifunika hudhihirika mara moja kwenye simu kama hiyo, na ndiyo maana simu hiyo ndiyo hakimu wa haki.

Sababu ya kugawa ni rahisi kuieleza. Kisomaji hakiwezi kupanga kurasa za faili kabla ya kulisoma na kulihifadhi kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo faili likiwa kubwa mno, ukurasa wa kwanza huchelewa kufunguka, na vifaa dhaifu hukwama kabisa. Visomaji vya zamani vilivyotumia programu ya Adobe vilishindwa na faili lolote la XHTML lililozidi takriban kilobaiti 300, na kwa ajili hiyo Calibre, programu ya bure iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, bado hugawa mafaili yanayozidi kilobaiti 260 iwapo mtumiaji hakuipa agizo jingine. Vifaa vya leo vina uwezo zaidi, lakini kikomo hicho kimebaki kuwa kipimo cha busara kwa yeyote anayewaandalia wasomaji wenye simu za kawaida.

Daraja la kwanza la ubora, ambalo bila hilo hakuna haja ya kuendelea kupima, ni uhalali. Kanuni za XML, zilizotangazwa mwezi Februari 1998 na ambazo XHTML imejengwa juu yake, zinadai kwamba kila tagi iliyofunguliwa ifungwe, na ifungwe ndani ya ile iliyoizunguka, na tena zinadai kwamba mashine ikikuta kosa la namna hiyo isiendelee kubahatisha bali isimame. Mgawaji anayehesabu baiti na kukata popote hesabu inapotimia anaweza kuacha tagi ya kufungua katika faili moja na ya kufunga katika lingine, na yote mawili yakawa mabovu. Anaweza hata kukata katikati ya herufi: katika usimbaji wa UTF-8 herufi nyingi za Kiswahili huchukua baiti moja moja, lakini alama ya ritifaa iliyopinda, ile inayopendwa na wapiga chapa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, huchukua baiti tatu, na kisu kikipita kati ya hizo tatu neno hubaki na takataka badala ya alama. Programu ya EPUBCheck, ambayo hukagua kifurushi chote dhidi ya kanuni za muundo, hugundua makosa ya aina hii, na kitabu kisichopita ukaguzi huo hakistahili kutolewa. Hata hivyo ni lazima ieleweke kwamba ukaguzi huo hupima sheria tu: kitabu kilichokatwa katikati ya sentensi, kila kipande kikiwa kimefungwa vizuri, hupita bila lawama yoyote.

Hapo ndipo jicho la mjuzi linapoanza kazi. Jambo la kwanza la kutazama, baada ya kukifungua kifurushi, ni ukubwa wa mafaili, na ajabu ni kwamba ulingano wao ni dalili mbaya. Mafaili kumi yenye kilobaiti 258, 259 na 260 yanatangaza kwamba mashine ndiyo iliyokata, na kwamba mwandishi hakuulizwa. Mafaili yenye kilobaiti 12, 87, 40 na 143 yanaonyesha kwamba mgawaji amefuata sura kama zilivyo, ndefu kwa fupi. Mpasuaji samaki wa Kashikishi, kwenye ufukwe huohuo wa Mweru, anayemwandaa samaki mkubwa kwa moshi hufuata mfupa na maungio, wala hapimi vipande kwa rula, na vipande vyake huwa vya ukubwa tofauti kwa sababu samaki mwenyewe ndivyo alivyoumbwa. Kilobaiti 260 ni dari isiyopaswa kuvukwa, na sehemu iliyo chini ya dari hiyo haina sababu ya kuguswa.

Ufundi hujaribiwa hasa pale ambapo sehemu ya asili ya kitabu ni kubwa kuliko dari, na mfano mzuri kuliko yote ni Biblia, kitabu kinachopatikana katika Kibemba, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza kwenye pande zote mbili za Mweru. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189. Mgawaji mvivu huitoa kama faili moja, naye msomaji hungoja; mgawaji mwenye bidii isiyo na fikra hutengeneza mafaili 1,189, na hivyo Zaburi ya 117 yenye aya mbili hupata faili lake, kichwa chake na ukurasa wake mpya, ilhali orodha ya mfuatano hurefuka kupita kiasi na visomaji dhaifu huchelewa kuisoma. Kugawa kwa vitabu 66 ni uamuzi bora zaidi, kwa kuwa kila kitabu husimama chenyewe, na vifupi kama Filemoni na Yuda haviumii kwa kuwa vifupi. Tatizo hubaki kwa Zaburi, ambazo nambari za aya na tagi zake zikishaongezwa huweza kuvuka kilobaiti 300. Mgawaji asiyeijua matini atakata baada ya Zaburi ya 75 kwa sababu 75 ni nusu ya 150. Mgawaji anayeijua atakumbuka kwamba Zaburi zenyewe zimepangwa tangu kale katika vitabu vitano, vinavyoanza kwenye Zaburi ya 1, ya 42, ya 73, ya 90 na ya 107, na kwamba vinne vya kwanza humalizika kwa maneno ya kumsifu Mungu. Mikato minne imekwisha kutayarishwa na wapangaji wa kale, na mgawaji hana la kufanya ila kuifuata.

Qurani huleta swali la namna nyingine, kwa sababu ina migawanyo miwili isiyolingana: sura 114 kwa upande mmoja, na juzuu 30 za usomaji kwa upande mwingine. Juzuu ya pili huanza kwenye aya ya 142 ya Sura ya Al-Baqara, na ya tatu kwenye aya ya 253 ya sura hiyohiyo, kwa hiyo anayekata kwa juzuu huivunja sura, na anayekata kwa sura hulazimika kutafuta njia nyingine ya kumfikisha msomaji kwenye juzuu. Jibu sahihi ni kukata kwa sura, kwa kuwa sura ndiyo umoja wa matini, na kuziweka juzuu katika yaliyomo kama viungo vinavyoelekeza kwenye aya husika ndani ya faili. Kanuni hii inafaa kushikwa kwa nguvu: mafaili hufuata mgawanyo mmoja tu, ule wa ndani zaidi, na migawanyo mingine yote, iwe ya juzuu, ya kurasa za chapa ya karatasi au ya masomo ya juma, hutumikiwa na viungo.

Utenzi ni mtihani mgumu kuliko yote hayo, na ni mtihani ambao watayarishaji wa vitabu vya Kiswahili hawawezi kuukwepa. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wenye beti 102, hauhitaji kukatwa kabisa, na anayeukata ili kila ukurasa uwe na beti chache ameharibu kitu kizima bila sababu. Lakini Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi una beti zaidi ya 4,000. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane, yaani herufi zipatazo 20 kwa mshororo pamoja na nafasi, kwa hiyo matini tupu peke yake hukaribia au kupita herufi 320,000 kabla ya tagi hata moja kuwekwa. Dari imevukwa, na masimulizi hutiririka kwa wingi wa beti bila sura za kumpa mkataji mahali pa kushika. Kukata ndani ya ubeti ni kosa lisilosameheka, kwa kuwa mishororo mitatu ya kwanza hushirikiana kina na wa nne hubeba kina cha bahari kinachouunganisha utenzi wote. Kukata kila baada ya beti 500 hakuvunji kina, lakini huweza kumwacha shujaa na upanga juu katika faili moja, na pigo likaangukia katika lingine. Mgawaji bora husoma. Hutafuta pale ambapo tukio limekwisha na safari mpya inaanza, au pale ambapo msimulizi mwenyewe anaacha habari moja na kutangaza nyingine, hata ikiwa faili moja litakuwa na beti 380 na linalofuata 710. Asiyekuwa tayari kuusoma utenzi hadi mwisho hana haki ya kuukata.

Vitabu vya historia ya eneo hili lenyewe vina maungio yake. Maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip kama alivyoyaeleza kwa Kiswahili, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mjini Berlin mwaka 1902 na 1903, na ambayo yanasimulia pia vita vyake dhidi ya chifu Nsama katika nchi ya Itabwa kati ya Ziwa Tanganyika na Mweru, yana safari zinazoanza na kumalizika pwani, na safari hizo ndizo mahali pa kukata. Historia ya Walunda wa Kazembe, iliyotolewa kwa Kibemba mwaka 1951 kwa jina la Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi chini ya uongozi wa Mwata (yaani mfalme) Kazembe wa 14, ambaye ikulu yake ilikuwa Mwansabombwe kusini mwa Nchelenge, ni habari ya enzi zinazopokezana, kwa hiyo mgawaji wa kitabu cha aina hiyo angetazamiwa kukata pale Mwata mmoja anapomrithi mwingine.

Baada ya mahali pa mkato, mjuzi huangalia kile ambacho mkato umekipoteza bila kuonekana. Katika XHTML elementi, yaani kipande cha matini pamoja na tagi zake mbili, hurithi mambo mengi kutoka kwa elementi inayoizunguka, na hati inapogawanywa, kipande kilichohamishwa huachana na mzazi wake. Hasara kubwa kuliko zote ni ile ya lugha. Sifa iitwayo xml:lang huieleza mashine kwamba maandishi ni ya Kiswahili kwa msimbo wa sw, ya Kibemba kwa bem au ya Kifaransa kwa fr, na kwa kawaida huandikwa mara moja tu, juu kabisa ya hati au juu ya sehemu. Mgawaji asiyeibeba hadi katika kila faili huacha nusu ya kitabu bila lugha. Anayesoma kwa macho huenda asione tofauti, isipokuwa maneno yanayovunjwa vibaya mwishoni mwa mstari. Lakini asiyeona, anayesomewa na sauti ya mashine, husikia Kiswahili kikitamkwa kwa kanuni za Kiingereza, na kwake kitabu kimekufa. Katika kitabu cha lugha nne cha ufukwe wa Mweru sifa hii ndiyo ya kukaguliwa kwa makini zaidi, faili baada ya faili.

Mitindo nayo hupotoka kwa njia za hila. Laha nyingi huamuru kwamba aya ya kwanza ndani ya sehemu isiingizwe ndani, au ianze kwa herufi kubwa ya mapambo. Faili jipya linapoanza katikati ya sura, aya ya kawaida hugeuka kuwa ya kwanza na kuvaa pambo isilostahili. Orodha yenye nambari iliyokatwa baada ya kipengele cha saba huanza tena kwa moja, na hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu: sifa ya kuianzisha orodha kwenye nane inaruhusiwa katika toleo la 3 la EPUB, lililotoka mwaka 2011, lakini haikubaliwi katika toleo la 2, ambalo hufuata XHTML 1.1, kwa hiyo suluhisho halali katika kitabu kimoja ni kosa katika kingine. Njia iliyo bora katika matoleo yote mawili ni kutoikata orodha.

Viungo hudai uvumilivu kuliko akili. Katika hati moja ndefu, nambari ya tanbihi huelekeza kwenye kitambulisho kilicho humohumo. Baada ya kugawa, tanbihi imehamia faili jingine, na kiungo kisichotajiwa jina la faili hilo hakifiki popote. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapishwa mwaka 1969, ina maelezo mengi chini ya aya, na katika kitabu cha namna hiyo ubora wa ugawaji wote hutegemea kama msomaji anaweza kwenda kwenye maelezo na kurudi kwenye aya ileile aliyotoka, si kwenye mwanzo wa sura. Kurudi ndiko kunakosahauliwa. Majina ya mafaili na vichwa vyake vya ndani ni jambo dogo zaidi, ingawa jina kama sura-012 husema jambo kwa atakayekisahihisha kitabu baadaye.

Mwisho kitabu hupelekwa kwenye simu. Mkaguzi husoma kuvuka kila mpaka wa faili, kwa kuwa programu nyingi huanza faili jipya kwenye ukurasa mpya, na nafasi tupu ya nusu skrini katikati ya sura humfichua mkataji mara moja. Hurudi nyuma pia, kutoka ukurasa wa kwanza wa faili hadi ukurasa wa mwisho wa lililotangulia, kwa sababu kisomaji hulazimika kulipanga faili zima ndipo kijue ukurasa wake wa mwisho uko wapi, na kungoja huko ndiko kipimo halisi cha ukubwa. Hukuza herufi hadi kiwango cha wazee, na hutafuta fungu la maneno lililo karibu na mkato, kwa kuwa utafutaji wa programu kadhaa hauvuki mpaka wa faili na sentensi iliyokatwa haipatikani tena.

Kuna kipimo kimoja kinachohitaji muda kabla ya kuonekana, nacho ni uthabiti wa mikato kati ya toleo na toleo. Programu zinazofuata utaratibu wa kuonyesha mahali ndani ya EPUB huhifadhi alamisho ya msomaji kwa kutaja nafasi ya faili katika mfuatano, kisha nafasi ya elementi ndani ya faili hilo. Kitabu kikisahihishwa na kugawanywa upya kwa hesabu ya baiti, aya chache zilizoongezwa katika sura ya pili huweza kuisogeza mikato yote inayofuata, na mwanafunzi wa Mantapala aliyeweka alama zake kabla ya mtihani huzikuta zikielekeza kwenye maneno mengine. Kitabu kilichokatwa kwa sura hakina msukosuko huo, kwa kuwa sura ya pili ikirefuka, ya tatu bado huanza katika faili lilelile. Ndiyo maana mtayarishaji makini huihifadhi hati yake nzima isiyokatwa, huisahihisha hiyo wala hasahihishi vipande, na huandika kando yake kanuni aliyoitumia kukata, ili atakayetoa toleo lijalo akate mahali palepale.